Sauti ya Zabibu Kijiweni

Mama Nasibu alikataa mkeka. Muharami alikuwa ameutandika mwenyewe, akaupangusa vumbi la salfa, dawa ya mikorosho, kwa kiganja, akasema karibuni, karibuni shemeji zangu. Lakini wanawake wale watatu walibaki wamesimama kando ya pipa kama watu waliopita kuulizia njia. Maji nayo waliyakataa. Na huku Mkunya, juu mlimani ambako kila ndoo inajulikana imetoka wapi na imebebwa na kichwa cha nani, mgeni akikataa maji amekwisha kusema. Yanayobaki ni ufafanuzi.

"Baba Faidha," alisema Mama Nasibu, "tumekuja kwa habari ya mwali. Yule binti hatutamwingiza."

Muharami alidhani masikio yamemdanganya. Mjukuu wake, Mwanaheri, alikuwa uani anapepeta njugu mawe na wimbo mdomoni, maana shule zilikuwa zinafunga wiki ile, na unyago huingia shule zikishafunga. Kanga zake zilikwisha kununuliwa. Kuku walikwisha kutengwa. Hata jina atakaloitwa akitoka ndani lilikwisha kunong'onwa kati ya shangazi na shangazi.

"Kwa kosa gani? Mtoto ni wa nyumba hii. Nyumba ya Zabibu. Ninyi mliosimama hapo, nani hakufundwa na Zabibu?"

"Ndiyo kosa lenyewe," alisema mmoja wa wale wawili, akageuza uso kuelekea mikoroshoni.

Mama Nasibu alisogea hatua moja, akashusha sauti ili mtoto asisikie. "Sauti ya mwenzio inapigwa kijiweni, shemeji. Newala, pale wanapooshea pikipiki. Nimeshuka na kapu langu, namsikia Zabibu anaimba kwenye spika. Tumemzika, tumemfanyia arobaini, anaimba. Wala si zile za uwanjani ambazo hata ninyi wanaume mnazisikia. Ni za ndani. Za mlango umefungwa. Vijana wanacheka, wanarudisha nyuma, wanasikiliza tena."

Mkono wa Muharami ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ilipo simu.

"Nikawauliza mmeipata wapi. Wakasema iko kwenye programu ya korosho, kila mwenye simu ya kupangusa anayo. Wakanionyesha. Jina lako, Muharami, na picha yako umefumba macho. Chini yake sauti za mkeo zimepangwa mafungu mafungu kama nyanya."

"Sikuziweka mimi."

"Nani basi? Simu iko mfukoni mwa nani?"

"Siku anarekodi, simu uliishika wewe, Mama Nasibu."

"Niliishika. Nikakurudishia wewe. Wewe, si wao."

Wanawake walijifunga kanga vizuri, tayari kuondoka. Mama Nasibu akasema watakaa kikao Alhamisi, kabla mabinti hawajaingia. Kama ana la kusema alilete siku hiyo. Kama hana, Mwanaheri atabaki msungo.

Neno hilo aliliacha pale uwanjani, wakaenda zao. Msungo ni msichana asiyechezwa unyago. Haoshi maiti, haingii alipo mzazi, wanawake wakizungumza wananyamaza akipita. Siku ya arobaini ya bibi yake, Mwanaheri aliketishwa na watoto wa kunyonya, naye amewazidi mama zao urefu. Alilia sana siku ile, akamwambia babu yake, "Mume wangu, mimi nitakuwa mtu mzima lini?" Naye akamwambia, "Shule zikifunga, mke wangu. Shule zikifunga tu."

"Babu, wale walikuwa wanataka nini?" Mwanaheri aliuliza kutoka uani.

"Wanataka chumvi."

"Mbona hukuwapa?"

"Pepeta njugu," alisema Muharami.

*

Simu ilikuwa ya Zabibu. Alipoona kifua kinaishiwa nguvu, naye ndiye kungwi mkubwa wa upande ule, alimwita Mama Nasibu, wakajifungia chumbani, akaimba nyimbo zote ndani ya simu, moja moja, akipumzika katikati. Muharami siku hiyo alikaa mbali, kule kwenye mkorosho wa mwisho, kwa sababu mwanamume hasikilizi ya ndani hata kama anayeimba ni mkewe na hata kama anakufa. Makubaliano yakawa hivi: Mama Nasibu ana simu ya batani isiyobeba mambo hayo, kwa hiyo simu ikae hapa, na kila msimu unapokaribia aje aichukue, wasikilize, wairudishe. Muharami aliishika simu ile kama mtu aliyewekewa amana ya yatima. Alipiga, alipokea, aliangalia bei za korosho na matokeo ya mpira. Kule kwenye sauti hakugusa.

Kisha ikaja amri ya usajili. Mheshimiwa mmoja alipanda jukwaani Newala, mbele ya maspika makubwa, akasema zama za makaratasi zimekwisha, mkulima wa leo ni mkulima wa kiganjani, nendeni mkapakue programu. Asiyepakua asilalamike salfa ikimkosa. Watu wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wameambiwa kuna soda. Hakusema programu ni ya kampuni ya nani. Hakusema itaingia wapi na itatoka na nini. Wakubwa wetu ndivyo walivyo: mkulima akipimiwa pungufu ghalani, hawapo, mkulima akitakiwa kufungua mlango wake, wanakuja na ngoma.

Siku ya kujiandikisha, foleni ya wanaume ilifika hadi nje ya ghala la chama. Mezani alikuwepo kijana wa kampuni, anaitwa Christopher, fulana ya kijani, mcheshi, anamwamkia kila mzee. Aliichukua simu ya Muharami, akaipangusa haraka haraka, akampiga picha kabla hajajiweka sawa, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Baba, humu ndani kuna kitu chako cha siri? Picha, sauti, chochote? Nijue mapema."

Nyuma yake wanaume walianza kucheka. Mmoja akasema, "Muulize vizuri, wajane hao wana mambo." Na Muharami, akiwa na siri kubwa kuliko zote za upande ule mfukoni mwake, alifanya kile ambacho mwanamume yeyote aliyepita jando angefanya. Ya wanawake hayatajwi mbele ya wanaume. Hata kusema yapo ni kuyataja. Akajibu:

"Mimi sina siri."

"Safi. Basi weka kidole hapa. Na hapa. Na hapa tena." Christopher akakishika kidole gumba cha Muharami, akakigandamiza kwenye kioo panapoandikwa Kubali, kama mtu anayepiga muhuri.

*

Kesho yake baada ya Mama Nasibu kuja, Muharami alishuka Masasi. Alipofika Newala kubadili gari ilimbidi apite pale wanapooshea pikipiki. Hakukuwa na nyimbo saa ile, kulikuwa na povu na redio. Lakini kijana mmoja alimtazama mara mbili, akaichungulia simu yake, akamgonga mwenzake kwa kiwiko.

"Siyo huyu? Yule aliyefumba macho?"

"Mzee, shikamoo. Wewe ndiye produsa?"

"Marahaba," alisema Muharami. "Zifute hizo. Yule ni marehemu. Mama zenu wote wamepita mkononi mwake."

Kijana aliacha kucheka. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto tu mwenye bando. "Mzee, mimi nikifuta kwangu haisaidii kitu. Iko kule juu. Watu wameshatumiana mpaka Tandahimba. Nenda kwa wenyewe."

Wenyewe walikuwa na ofisi ya chumba kimoja, nyuma ya duka la mabati. Ndani kulikuwa na feni, benchi la wateja, na bango la mkulima anayecheka kwa meno ambayo hayajawahi kutafuna muhogo mkavu. Juu yake pameandikwa Mkorosho Wetu. Christopher alisimama alipomwona, akamwamkia, akampa kiti.

"Nimekuja uondoe sauti za mke wangu."

"Sauti zipi, baba?"

"Zilizomo."

"Humo zimo nyingi. Kuna ukurasa wetu unaitwa Sauti ya Mkulima. Asiyejua kuandika anauliza kwa mdomo: mikorosho yangu ina ukungu, nifanyeje. Wataalamu wanajibu, wakulima wenzake wanasikia."

"Mimi sikuuliza kitu."

"Hukuuliza. Programu imezikuta kwenye simu, ikadhani ni maswali, ikazipandisha. Uliiruhusu."

"Lini?"

Christopher aligeuza kompyuta yake. Palikuwa na safu ya alama za vema, za kijani, zimeshuka mpaka chini. "Hizi. Mafaili yote, kubali. Kipaza sauti, kubali. Majina ya watu, mahali ulipo, kubali. Shirikisha wakulima wenzako, kubali."

"Nilikubali salfa."

"Vyote viko pamoja, baba. Huwezi kukubali kimoja."

"Kidole ulikishika wewe ukakigandamiza."

"Nilikusaidia," alisema Christopher, na inawezekana kabisa aliamini hivyo. "Na nilikuuliza, mbele ya watu. Ukasema huna siri."

Watu wa kwenye benchi walikuwa wamegeuka, wanasikiliza. Muharami alihisi jasho linamshuka nyuma ya masikio, na feni inazunguka. Angesema nini? Kwamba hakuwa na siri yake bali ya wenyewe? Kwamba kuna swali ambalo ukimuuliza Mmakonde mbele ya foleni umekwisha kumfunga mdomo? Kijana huyu alisomeshwa wapi hata asifundishwe kuuliza?

"Ngoja tuhakikishe ndizo hizi," alisema Christopher, akasogeza kidole.

Muharami alikiona kidole kinavyokwenda. Kabla hakijafika alikwisha kuziba masikio, akainuka, akatoka kinyumenyume, akapiga teke ndoo ya kupigia deki ikamwagika. Alichowahi kukisikia ni kikohozi tu, kile cha Zabibu cha kusafisha koo. Kikohozi alichokizoea miaka yote ya ndoa, kikifuatwa na salamu za asubuhi. Akasimama nje, juani, vidole masikioni kama mwendawazimu, wapita njia wakimtazama, na dirishani aliona benchi linacheka. Kisha aliona mama mmoja mtu mzima, ana furushi mapajani, anaweka furushi chini, anakwenda mezani bila haraka, anafunika kile kispika kwa kiganja chake na kubaki amekifunika. Kicheko kikakatika.

Christopher alimfuata nje. Uso ulikuwa umembadilika. "Samahani, baba. Sikujua ni mambo ya namna ile."

"Ondoa leo."

"Mimi sina mamlaka ya kuondoa. Naandika ombi, linakwenda Dar es Salaam, wanalipitia. Yaweza kuchukua mwezi."

"Basi naitoa programu yako kwenye simu yangu."

"Ukiitoa, usajili umepotea na salfa huioni." Akatazama chini. "Na hata ukiitoa, zile zilizokwisha kupanda zinabaki kule."

*

Faidha, binti yake, alikuwa amepanga chumba hapohapo Masasi, karibu na hospitali ya Mkomaindo, akiuza vitumbua na chai kwa watu wanaouguza ndugu zao. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho huku akiosha vikombe, akivigonganisha kuliko ilivyohitajika.

"Ulimwambia huna siri."

"Ningesema nini mbele ya wanaume wale?"

"Ungesema naomba niende kwanza nyumbani. Ungesema simu imezima. Baba, uongo wote uliotuambia tukiwa wadogo, siku ile uliuacha wapi?"

"Usinipandishie sauti."

"Sipandishi. Mwanangu atakuwa msungo kwa ajili ya salfa, na mimi sipandishi."

Mlango wa pili ulifunguliwa. Alikuwa Agnes, mpangaji mwenzake, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, Mmakua wa hapohapo Masasi, na kuta za nyumba ile hazikuwa kuta za kuzuia maneno. "Shikamoo, baba mtani. Wamakonde mlichanja nyuso ili mwonekane, leo mnataka kujificha?"

"Marahaba. Mmakua akipewa simu huuliza kwanza inaiva kwa muda gani," alijibu Muharami, lakini utani ulimtoka bila chumvi, na Agnes akaliona hilo. Akavuta kigoda.

"Nipe niione."

Alipoelezwa kuna nini ndani, hakugusa sauti. Alikwenda kwingine, kwenye orodha ya programu, akawa anasoma na uso unakunjamana. "Mkorosho Wetu inataka nini na majina ya watu wako? Inataka nini na kipaza sauti hata ukiwa umelala? Na hii nini, tochi? Baba, uliongeza tochi?"

"Ile ya simu ilikuwa hafifu."

"Tochi yako inajua unakwenda wapi na inajua namba ya Faidha. Kuwaka tu, inajua yote hayo." Akaitoa. "Na hiki kivinjari kilichokuja na simu, cha kufungulia mtandao, kinaandika kila ukurasa unaoangalia, kinawapelekea matajiri wake, nao wanauza."

"Wauze. Mimi naangalia bei ya korosho na mpira."

"Unaangalia bei mara ngapi kwa siku?"

"Msimu ukifika, hata mara kumi."

"Basi anayejua unaangalia mara kumi anajua umebanwa. Akija na kipimo chake cha kangomba, cha magendo, atakupa bei gani?"

Muharami alimkumbuka mnunuzi wa magendo aliyekuja msimu uliopita mpaka mlangoni, siku ileile alipokuwa hana pa kushika, kana kwamba ameitwa.

Agnes akaanza kumpakulia kivinjari kingine. "Hiki ni huria. Cha bure."

"Cha bure ndicho kilichoniua."

"Bure na huria si ndugu, baba. Ile ya korosho ni ya bure, lakini imefungwa. Ndani yake wanajua wao walioitengeneza. Hizi huria zimeandikwa wazi. Anayejua kusoma maandishi ya ndani anayasoma yote, awe India, awe Dodoma. Akikuta tundu la kuchungulia watu anapiga kelele, wenzake wanaliziba."

Muharami alimtazama kwa mashaka. "Kwa hiyo iliyo wazi ndiyo inatunza siri. Iliyofungwa ndiyo inavuja."

"Mara nyingi, ndiyo."

Alikuna ndevu. Halafu akasema polepole, "Hata kungwi mmoja haachiwi na mwali peke yake. Lazima wawe wawili, watatu. Si kusaidiana tu. Ni kuangaliana. Hayo ni ya nje, nimeyajua kwa kuoa," aliongeza upesi, maana Faidha alikuwa amegeuka.

"Ni kitu hichohicho," alisema Agnes. "Lakini si hirizi. Ukibonyeza kubali kwa kuwa kijana ana haraka, hata hii itakutoa uwanjani uchi. Ikikuomba kitu, jiulize kazi yake na hicho ikiombacho vinahusiana nini. Havihusiani, kataa. Ikigoma kufanya kazi kwa sababu umekataa, hiyo haikuwa kazi yake ya kweli. Na sauti kama hizi hazikupaswa kuachwa hivihivi. Kuna programu huria za kufungia mafaili kwa neno la siri. Zingekuwa kama sandukuni."

"Hilo ungeniambia mwaka jana."

"Mwaka jana ulikuwa hunijui."

Kisha akafungua tovuti ya usajili wa chama kwenye kivinjari kipya, akaingiza namba ya Muharami. Jina lake likatokea, na ekari zake, na mifuko yake ya salfa. Agnes alimgeuzia simu.

"Usajili wako huu hapa. Ni wa chama, uko kwenye tovuti. Ile programu ni mlango tu uliotobolewa pembeni. Ukiitoa, hupotezi hata punje."

"Christopher alisema utapotea."

"Christopher analipwa kwa kila simu anayoweka. Ikitolewa, wanamkata."

Faidha aliweka kikombe chini. Muharami alicheka, cheko la puani lisilo na furaha. "Na yule wa jukwaani? Yeye alilipwa kwa kila nini?"

Hakuna aliyejua, na ndivyo walivyotaka wakubwa wale.

Kufuta akaunti kulichukua muda. Mahali pa kujiunga palikuwa pakubwa kama bango; pa kujitoa palifichwa ndani ya ukurasa ndani ya ukurasa, kwa Kiingereza, na kila hatua swali: una hakika? Tutakukosa. Una hakika kweli? Agnes alikuwa anasoma, anamtafsiria, na safari hii alimpa simu abonyeze mwenyewe, akisubiri aelewe kwanza. Mwisho ukurasa wa Muharami ukafunguka mtupu. Picha haikuwepo, na mafungu ya sauti hayakuwepo.

"Zimekwisha?" aliuliza.

"Kule kwao, naamini. Tutawaandikia pia barua, tuwadai jibu." Agnes alisita. "Zile ambazo vijana wamekwisha kutumiana, baba, hizo hakuna anayeweza kuzirudisha. Mimi siwezi, kampuni haiwezi, Rais hawezi."

*

Alhamisi wanawake walikaa nyuma ya nyumba ya Mama Nasibu, ukungu wa asubuhi haujapanda, wamejifunika kanga mpaka vichwani kwa baridi ya juu huku. Mwanamume haitwi kwenye kikao kile. Muharami aliitwa mpaka usawa wa ua wa makuti, akasimama nje ya ua, Faidha kando yake, na maneno yakapita juu ya makuti.

Aliwaambia yote. Alipofika pale pa foleni, alitazama miguu yake yenye vumbi.

"Kijana aliniuliza kama humu kuna siri. Nikasema sina."

Upande wa pili ikaja sauti ya bibi mmoja: "Ungesema iko, angekuuliza ni nini."

"Angeuliza."

"Na foleni inasikia."

"Inasikia."

"Huyu alifunga mdomo kama alivyofundishwa," alisema bibi yule kwa wenzake. "Mlitaka afanyeje, atangaze?"

"Yote ni maneno," alisema mwingine mwenye sauti kali. "Tunajuaje hakukaa na simu ile usiku anasikiliza? Mjane, peke yake, sauti ya mkewe. Hata mimi ningesikiliza."

Mama Nasibu akatoka nje ya ua. Alisimama mbele ya Muharami, karibu kuliko desturi, akamtazama usoni, akatamka neno moja. Ni neno la ndani, hapa haliandikwi. Faidha alishtuka, akainamisha kichwa. Wale vijana wa pikipiki siku hizi walikuwa wanalitupa kwa akina mama wanaopita, na kila mama aliyelisikia alitembea upesi zaidi. Muharami alimtazama Mama Nasibu kama mtu anayesubiri sentensi iendelee.

"Nini?" aliuliza.

Mama Nasibu aliendelea kumtazama kidogo. Bega lake likalegea. Akageukia ua. "Hajui kitu," aliwaambia.

Walizungumza kwa Kimakonde cha haraka, cha chini, ambacho hakikukusudiwa kumfikia. Mama Nasibu alipomgeukia tena alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo wa wengi.

"Mwanaheri ataingia. Leo jioni mleteni, msimcheleweshe."

Faidha alishika mkono wa baba yake. Muharami alifumba macho, akashukuru Mungu kimoyomoyo, na alipoyafumbua Mama Nasibu hakuwa amemaliza.

"Lakini nyimbo zile zimekufa, shemeji. Hatuwezi kumfunda mtoto kwa kitu ambacho muosha pikipiki anakijua. Tutatunga nyingine. Imekwisha kuamuliwa."

"Zote?"

"Zilizotoka zote. Alizopokea kwa bibi yake, na zile alizotunga mwenyewe. Hazitaimbwa tena ndani ya nyumba yoyote upande huu."

Muharami aliyameza hayo, yakashuka taratibu kama ugali wa muhogo usio na mboga. Zabibu hakuacha shamba, hakuacha ng'ombe. Aliacha zile nyimbo. Kampuni ilizichukua kwa ajili ya nini? Hata haikuzitaka. Ilidhani ni habari za ukungu wa mikorosho.

"Na hizo zilizobaki kwenye simu?" aliuliza Faidha.

"Zifuteni. Zisizagae." Mama Nasibu akasema kwa sauti nyingine, ya zamani, ya siku walipokuwa majirani tu. "Baba Faidha, zikishatoka ndani si siri tena. Ni za barabarani. Ukitaka kumsikia mwenzio kabla hamjazifuta, hakuna atakayekusema. Mimi sitakusema."

Akarudi ndani ya ua.

Baba na binti walikwenda mpaka lilipo gogo la mkorosho ulioanguka, wakaketi. Faidha aliifungua simu. Alijua pa kwenda. Agnes alikuwa amemfundisha. Nyimbo zilikuwa zimejipanga kwenye kioo, hazina majina, kila moja na tarehe yake tu.

"Baba, mimi nilimsikia nikiwa mwali. Ninaye kichwani." Alimsogezea simu. "Wewe hujamsikia hata mara moja. Nitakaa pale mbali. Sikiliza mmoja."

Muharami aliishika simu kwa mikono miwili. Alikaa nayo muda mrefu kuliko alivyojua. Kidole kilikwenda juu ya kioo, kikasimama hapo, na Faidha akawa anatazama mikorosho ili asimtazame yeye.

Akamrudishia.

"Newala nzima imemsikia," alisema. "Na Tandahimba. Na wale wa Masasi wenye feni. Acha abaki hata mmoja ambaye hakumsikia."

Faidha akazifuta. Alizifuta moja moja, kwa sababu zote kwa pamoja alishindwa.